Mkate wa msamaha kwenye mkoba wa Padre Cristoforo



Leo sijawaletea mtakatifu. Nimewaletea mlei, mtunzi wa riwaya, aliyeoa mara mbili (mke wa kwanza alifariki, msianze maneno), na ambaye ujanani aliliacha Kanisa kabisa. Anaitwa Alessandro Manzoni. Nilikutana naye maktabani nikiwa mwaka wa mwisho wa falsafa, natafuta kitu cha kunipumzisha na Kant walau saa moja. Riwaya yake, I promessi sposi, yaani Wachumba, ikanikalisha pale mpaka kengele ya Masifu ya Jioni. Baadaye nikatafuta habari za maisha yake, nikakuta habari ya baba yake. Hapo ndipo kitabu kikaacha kuwa cha kupumzikia.

Manzoni alizaliwa Milano, kaskazini mwa Italia, mwaka 1785. Mama yake, Giulia, alikuwa binti wa Cesare Beccaria, yule mwanafikra aliyeandika kupinga mateso na adhabu ya kifo. Giulia aliozwa kwa Pietro Manzoni, mwanamume aliyemzidi zaidi ya miaka ishirini. Ndoa ilikuwa baridi, na mjini watu walinong'ona kwamba mtoto si wa Pietro. Alessandro alipofikisha miaka sita akapelekwa shule ya bweni ya watawa. Wazazi wakatengana, mama akaenda kuishi Paris na mwanamume mwingine, Carlo Imbonati. Mtoto akazungushwa bweni hadi bweni mpaka akawa kijana wa miaka kumi na sita. Alitoka huko na kichwa kizuri cha ushairi, na hasira nyingi dhidi ya mapadre. Mimi nimekaa bweni tangu seminari ndogo, na nilipenda, lakini mimi kila likizo nilikuwa na bibi wa kurudi kwake.

Mwaka 1805 akamfuata mama yake Paris. Imbonati alikuwa amefariki mwaka huo huo, kwa hiyo wawili hao, mama na mwana ambao walikuwa karibu hawafahamiani, wakaanza kujuana upya. Kule akazoeana na wasomi ambao kwao dini ilikuwa jambo la watu wa zamani. Mwaka 1807 ikaja taarifa kwamba Pietro ni mgonjwa. Alessandro akasafiri. Alipofika, mzee alishafariki. Huyu baba waliyekuwa hawaongei, ambaye mji mzima ulisema si baba yake, alikuwa amemwandika mrithi wake.

Nilifunga kitabu hapo. Baba yangu aliondoka nyumbani nikiwa darasa la pili. Tuendelee.

Mwaka 1808 Manzoni alimwoa Henriette Blondel, msichana wa miaka kumi na sita, wa familia ya Wakalvini yenye asili ya Geneva. Aliyewafungisha ndoa alikuwa mchungaji wa Kikalvini. Kisha akazaliwa binti yao, na kama mnavyojua, mtoto huleta maswali: abatizwe wapi, alelewe katika imani gani? Wakambatiza Mkatoliki. Mwanzoni mwa 1810 wakafunga ndoa upya Kikatoliki. Henriette akaanza kufundishwa imani na padre mmoja, Eustachio Degola, na tarehe 22 Mei 1810, katika kanisa la Saint-Séverin, akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Kwao walichukia sana. Binti yule mpole alipoteza amani na ndugu zake kwa ajili ya hatua ile, na hakurudi nyuma.

Alessandro naye alirudi kwenye imani katika miezi hiyo hiyo. Inasimuliwa kwamba siku ya sherehe za arusi ya Napoleoni, Aprili 1810, alipotezana na mkewe kwenye msongamano wa watu, akashikwa na hofu kubwa, akakimbilia kanisa la Saint-Roch, na humo akasali. Yeye mwenyewe hakupenda kulieleza jambo hilo. Tena msidhani alitoka pale amepona kila kitu: hofu ya umati wa watu ilimfuata maisha yake yote, hata kutoka nje peke yake kulimsumbua. Sisi wa falsafa tunapenda kudhani kwamba mtu hurudi kwa Mungu akishindwa hoja. Kwa Manzoni, hoja zilikuja baadaye. Kwanza alimwona mke wake akilipia gharama.

Alianza riwaya mwaka 1821, ikatoka 1827. Halafu akaiandika upya kwa lugha ya Firenze, toleo la mwisho likakamilika 1842. Kisa kinaanza mwaka 1628, Lombardia ikiwa chini ya Wahispania. Renzo na Lucia, vijana maskini wa kijijini karibu na ziwa Como, wanataka kufunga ndoa. Bwana mkubwa mmoja, don Rodrigo, anamtamani Lucia, anatuma wahuni wamtishe paroko asiwafungishe. Na paroko, don Abbondio, anaogopa, anatafuta visingizio hadi vya Kilatini. Jamani, mseminari akisoma habari za don Abbondio anacheka kwanza, halafu ananyamaza.

Lakini aliyenishika ni Padre Cristoforo, Mkapuchini. Zamani aliitwa Lodovico, mtoto wa mfanyabiashara tajiri. Siku moja barabarani aligombana na bwana mmoja mwenye majivuno kuhusu nani ampishe mwenzake. Ugomvi wa kipuuzi kabisa! Mtumishi wake Cristoforo akauawa akimkinga, naye Lodovico akamuua yule bwana. Akakimbilia kwa Wakapuchini, akaingia utawa, akachukua jina la mtumishi aliyekufa kwa ajili yake. Kisha akaenda kumpigia magoti ndugu wa marehemu mbele ya ukoo mzima. Akasamehewa, akaandaliwa karamu, yeye akaomba mkate mmoja tu uwe alama ya msamaha. Kipande chake akakitunza miaka yote.

Miaka inapita, tauni ya 1630 inaingia Milano. Renzo anamtafuta Lucia katika kambi ya wagonjwa, moyoni ameapa akimkuta don Rodrigo atammaliza. Padre Cristoforo, ambaye naye yuko kule akiwahudumia wagonjwa mpaka tauni imuue, anamkaripia kwa ukali, kisha anamshika mkono na kumpeleka mbele ya don Rodrigo aliyelala hajitambui, anakufa. Ninaukubali ukurasa ule kwa sababu Renzo hapewi nafasi ya kuambiwa pole na adui yake. Anasamehe mtu asiyeweza kumjibu. Baada ya hapo ndipo Padre anawakabidhi wachumba kile kipande cha mkate.

Mwaka 2015 Papa Fransisko aliwahimiza wachumba wasome riwaya hii. Wale mnaohudhuria mafundisho ya ndoa, mmesikia.

Sasa, mtu aliyeandika hivyo kuhusu maongozi ya Mungu, maisha yake mwenyewe yaliendaje? Henriette alifariki siku ya Noeli, 25 Desemba 1833, mwili umechoka kwa uzazi mwingi na maradhi. Mwaka uliofuata akafa binti yao mkubwa, yule yule ambaye ubatizo wake ulianzisha yote. Manzoni alijaribu kutunga utenzi kuhusu Noeli ile. Hakuumaliza, beti zimekatikia njiani. Alikuwa na lugha yote ya kumwelezea Mungu katika tauni ya watu wengine, na kwa kifo cha mkewe mkono ukasimama. Kwangu utenzi huo usiokwisha ni ushuhuda wa imani sawa na riwaya nzima, maana hakujilazimisha kuweka mwisho mzuri ambao hakuwa nao. Na hakuacha kusali.

Alioa tena 1837, mjane aitwaye Teresa, naye pia akamzika. Watoto wakaendelea kufa mmoja mmoja. Januari 1873 alianguka kwenye ngazi za kanisa la San Fedele, akaumia kichwa. Aprili akafariki mwanawe Pietro, tegemeo lake la uzeeni, aliyepewa jina la yule mzee. Manzoni mwenyewe akafuata tarehe 22 Mei, siku ile ile Henriette aliyoingia Kanisani, watoto wawili tu wakiwa hai. Mwaka mmoja baadaye Giuseppe Verdi aliongoza Misa yake ya wafu kwa heshima yake, katika kanisa la San Marco, Milano. Wanakwaya itafuteni, ile si mchezo.

Baba yangu yu hai. Anaumwa kisukari, na mwezi uliopita alinipigia mara mbili, sikupokea. Nimeshaomba ruhusa kwa mlezi, nimepewa siku tatu. Basi linaondoka Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Mniombee.