Henri Chrétien: Mwanafalaki Aliyeipa Picha Pana Nafasi Katika Utepe Mwembamba

Watazamaji wengi wa televisheni wamewahi kuona filamu ikioneshwa kati ya mistari miwili myeusi, mmoja juu na mwingine chini, huku picha yenyewe ikiwa imekaa katikati ya kioo bila kunyooshwa wala kukatwa. Kazi hiyo ya kuipima picha na kuiweka mahali pake hufanywa leo na televisheni yenyewe, kwa muda usiozidi kufumba na kufumbua. Hata hivyo, swali linalojibiwa hapo, yaani namna ya kuiingiza picha ya umbo moja katika nafasi yenye umbo jingine bila kuiharibu, lilipata mojawapo ya majibu yake muhimu kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ya kwanza haikuwa sinema, bali kuchunguza nyota.

Henri Chrétien alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 1 Februari, 1879. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifanya kazi katika kituo cha uchunguzi wa anga cha Nice, kusini mwa nchi hiyo. Akishirikiana na Mmarekani George Willis Ritchey, alibuni aina ya darubini yenye vioo viwili vilivyopinda kwa namna maalumu, ambayo huonesha eneo pana la anga bila kuzipotosha sura za nyota zilizo mbali na katikati. Darubini ya anga za juu ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, imejengwa kwa msingi huo. Profesa Chrétien pia alikuwa miongoni mwa walimu wa taasisi ya elimu ya mwanga ya Paris, iliyoandaa wahandisi wa lenzi na vyombo vya kuonea.

Mwaka 1927 aliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa lenzi aliyoiita Hypergonar. Utepe wa filamu wa milimita 35 uliotumika duniani ulikuwa na nafasi ya picha iliyokaribia mraba, ilhali jicho la mwanadamu huona mandhari kwa upana zaidi. Lenzi hiyo ilipofungwa kwenye kamera, iliubana upana wa picha hadi nusu yake na kukiacha kimo kama kilivyo. Katika utepe, watu walionekana warefu na wembamba kupita kiasi. Ukumbini, lenzi ya aina hiyo hiyo ilifungwa mbele ya projekta na kufanya kazi kinyume chake: iliukunjua upana uliobanwa, na kila sura ikarejea katika umbo lake la asili.

Ubora wa njia hiyo ulikuwa katika wepesi wake. Mwenye ukumbi hakulazimika kununua mitambo mipya wala kubadilisha utepe. Alihitaji lenzi moja na pazia pana. Mwongozaji Claude Autant-Lara aliitumia lenzi hiyo katika filamu fupi iliyotokana na hadithi ya mwandishi wa Marekani Jack London, ambayo ilioneshwa Paris mwaka 1930. Katika filamu hiyo picha zilipanuliwa kwenda pembeni na, katika baadhi ya sehemu, kusimamishwa kwenda juu.

Pamoja na hayo, wenye sinema hawakuipokea. Miaka hiyo kumbi nyingi zilikuwa zimetumia fedha zao kununua mitambo ya sauti, na picha pana ikaonekana kuwa gharama isiyo ya lazima. Katika Maonesho ya Kimataifa ya Paris ya mwaka 1937, lenzi za Chrétien zilitumika kuonesha picha kubwa kwenye ukuta wa nje wa jumba la umeme na mwanga. Umati uliona, lakini biashara haikufuata. Miaka ikapita, na muda wa hataza iliyolinda uvumbuzi huo ukamalizika bila mvumbuzi kuvuna alichokipanda.

Hali ilibadilika mwaka 1952. Nchini Marekani televisheni ilikuwa imewaondoa watu wengi kumbini, na mwezi Septemba mwaka huo mfumo wa Cinerama ulianza kuonesha picha pana mno mjini New York. Mfumo huo ulihitaji projekta tatu kwa wakati mmoja, na maungio ya picha zake yalionekana wazi. Kampuni ya Twentieth Century-Fox ilitafuta njia nyepesi zaidi, na kiongozi wake, Spyros Skouras, akasafiri hadi Ufaransa kukutana na profesa huyo aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Kwa kuwa hataza ilikuwa imekwisha muda, kilichobaki na thamani ni lenzi zenyewe na ujuzi wa aliyezitengeneza.

Tarehe 16 Septemba, 1953, filamu ya The Robe ilizinduliwa New York kwa jina jipya la CinemaScope. Upana wa picha yake ulikuwa takriban mara 2.55 ya kimo chake. Kumbi za nchi nyingi ziliufuata mfumo huo kwa kasi, na mwaka 1954 Chrétien, pamoja na wataalamu wa kampuni hiyo, walitunukiwa tuzo ya Oscar. Alifariki dunia tarehe 6 Februari, 1956, mjini Washington, akiwa na umri wa miaka 77.

Kanuni yake ingali hai. Katika diski za DVD, picha pana huhifadhiwa ikiwa imebanwa, pamoja na alama inayoeleza uwiano wake wa kweli. Chombo huisoma alama hiyo, huikunjua picha, kisha huiweka katikati ya kioo. Alama hiyo ikisomwa vibaya, nyuso huonekana nyembamba kama zile zilizokuwa katika utepe wa Chrétien kabla ya kufika kwenye projekta.

Maisha yake yanaonesha kuwa uvumbuzi unaweza kuwa sahihi miaka 25 kabla ya soko kuuhitaji, na kwamba ulinzi wa kisheria una ukomo, bali ujuzi wa mtaalamu hubaki kuwa mali yake.