Dobi Aliyeuza Nywele: Maisha ya Madam C.J. Walker

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa kike aliingia chumbani mwa walimu, katika shule iliyomo humu bondeni Lambwe, akiwa amejitanda kitambaa kichwani kinyume cha kanuni. Nilipomtaka akifungue, machozi yalimtangulia kabla ya fundo kulegea. Nywele za mapanja yote mawili zilikuwa zimetoweka, na ngozi iliyobaki iling'aa kama kibuyu kilichosuguliwa. Mkononi alishika kopo la mafuta aliyoyanunua siku ya soko, kwa fedha alizopewa na mamake za vitabu. Juu ya kopo palikuwa na picha mbili za mwanamke: katika ya kwanza ana upara, katika ya pili nywele zamfika mabegani. Binti huyo alitaka nimwambie jambo moja tu, iwapo aendelee kuyapaka mafuta yale au ayaache.

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwalimu wa historia, wala si tabibu. Lakini picha zile mbili nilikuwa nimewahi kuziona mahali pengine, katika matangazo yenye umri wa zaidi ya karne moja, na mwenye sura ile alikuwa mwanamke mweusi wa Marekani aliyeanza maisha kwa kufua nguo za watu. Nimeona vyema niwasimulie walimu wenzangu na wanafunzi habari zake, kwa kuwa wengi wanamjua kwa utajiri wake tu, na utajiri ndio sehemu ndogo ya kisa hiki.

Jina alilopewa na wazazi ni Sarah Breedlove. Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 karibu na kijiji cha Delta, jimbo la Louisiana, katika shamba la pamba ambamo wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa watumwa hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha. Yeye ndiye mtoto wa kwanza katika nyumba hiyo kuzaliwa huru. Uhuru huo haukumpa shibe. Akiwa na miaka saba alikuwa yatima wa baba na mama. Akalelewa na dadake huko Vicksburg, akiteswa na shemeji, na alipofika miaka 14 akaolewa na Moses McWilliams, hasa ili apate mahali pa kulaza ubavu kwa amani. Mwaka 1885 akajaliwa binti, Lelia. Mwaka 1887 mumewe akafa. Mjane huyo, aliyekuwa na miaka kama 20, akambeba mwanawe hadi mji wa St. Louis walikokuwa kaka zake, vinyozi wenye kibanda chao.

Huko akawa dobi. Kwa takribani miaka 18 aliishi kwa kufua, na ujira wake kwa siku haukufika dola moja na nusu. Anayetaka kuelewa kilichofuata asiipite haraka miaka hii. Dobi wa zama hizo aliinamia karai la maji yanayochemka, mvuke ukimpanda usoni, sabuni kali ya magadi ikimbabua vidole. Nyumba za maskini hazikuwa na mifereji ya maji. Kichwa kiliweza kukaa wiki nyingi bila kuoshwa, hasa majira ya baridi. Chakula kilikuwa haba, homa zilikuwa nyingi, na mba pamoja na magonjwa mengine ya ngozi ya kichwa yalikuwa jambo la kawaida. Kwa hiyo Sarah alipoanza kuona nywele zake zikikatika na kung'oka mafungu kwa mafungu, hakuwa peke yake. Wanawake wengine wengi walifunga vitambaa kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka 1904 hivi alianza kuuza, kwa malipo ya asilimia, dawa za nywele za mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye alijulikana kama Annie Malone. Huyu naye alikuwa yatima. Alikuwa ameonja somo la kemia shuleni, na aliita biashara yake Poro, jina la chama cha jadi cha Afrika Magharibi. Nataka jina hilo likumbukwe, kwa kuwa vitabu vingi humruka na kuanza na mwanafunzi wake kana kwamba mwalimu hakuwapo. Mwaka 1905 Sarah alihamia Denver, mwaka uliofuata akaolewa na mwuza matangazo ya magazeti aliyeitwa Charles Joseph Walker, na kutoka hapo akajiita Madam C.J. Walker, akaacha kuuza kopo la Annie na kuanza kuuza la kwake. Annie hakumsamehe. Alitangaza magazetini kuwaonya wanunuzi wajihadhari na waigaji.

Namna alivyoipata dawa hiyo, Madam Walker alisimulia hivi: kwamba alimwomba Mungu amwokoe na upara, na usiku mmoja akamwona ndotoni mtu mweusi mkubwa aliyemwelekeza vitu vya kuchanganya, baadhi yake vikiwa vinaota Afrika, akaviagiza, akajipaka, na katika muda wa wiki chache nywele zikawa zinaota upesi kuliko zilivyokuwa zimeng'oka. Sisi tuliokulia karibu na Kanyamwa, kwa Gor Mahia, hatushangai tukisikia dawa iliyoletwa na ndoto. Mganga huteremshiwa dawa, haisomi. Ila kwa mteja wa Marekani ya 1906 habari hiyo ilikuwa na nguvu nyingine: ilimwambia mjukuu wa watumwa kwamba Afrika, aliyofunzwa kuionea haya, ilikuwa imemtumia zawadi.

Kopo lenyewe lilikuwa na nini? Kiungo chenye kazi kilikuwa salfa, ambayo Waswahili wa kale waliiita kibiriti upele, ikichanganywa na mafuta mazito na nta, kisha ikatiwa manukato ya kufunika harufu. Salfa kwa magonjwa ya ngozi ilijulikana kwa matabibu karne nyingi kabla ya ndoto ile, na Annie Turnbo naye aliitumia. Siri, ikiwa ilikuwapo, haikuwamo koponi. Ilikuwamo katika mashauri yaliyoandamana na kopo: osha kichwa mara kwa mara kwa sabuni yenye dawa, sugua ngozi, chana taratibu, kula vizuri. Mwanamke aliyekuwa hajaosha kichwa kwa mwezi mzima, sasa anakiosha na kukipaka salfa inayodhoofisha kuvu na kulainisha magamba. Nywele zinarudi. Zinarudi kweli, wala si kiinimacho.

Ndipo yakaja matangazo. Katika lililo mashuhuri zaidi picha zake mwenyewe zimepangwa pamoja: moja ina nywele fupi, dhaifu, na kandokando yake amesimama mwanamke yule yule mwenye nywele ndefu nzito. Hakuajiri mrembo wa kumwazima kichwa. Alijitoa yeye awe ushahidi, na kwa hili namheshimu. Hata hivyo mwalimu hana budi kuiuliza picha maswali ambayo mwenye duka asingependa yaulizwe. Kati ya picha ya kwanza na ya pili ilipita miezi mingapi? Nywele huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo nywele za kufika mabegani ni kazi ya miaka, si ya wiki. Je, mwangaza ulikuwa mmoja? Nywele zilichanwa kwa namna moja? Na swali kubwa kupita yote: zingaliota hata bila dawa?

Swali hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi. Mtu akiugua homa kali, au mama akijifungua, mizizi mingi ya nywele hupumzika kwa pamoja, na baada ya miezi kama mitatu nywele hupukutika hadi mwenyewe akaogopa kuchana. Miezi michache baadaye, kwa kawaida, huota tena zenyewe. Sasa fikiria mama huyo amenunua kopo katika mwezi ule wa kupukutika. Atalisifu maisha yake yote, na shuhuda zake zitauza makopo mengine mia. Kinyume chake, ambaye mizizi yake imekufa na ngozi kufanya kovu hata angeoga kwa salfa asingeota unywele mmoja, naye mara nyingi hunyamaza kwa aibu. Hivyo wenye kupona husema, wasiopona hukaa kimya, na dawa hupata sifa isiyolingana na kazi yake. Hata choa, yale madoa ya mviringo tunayoyaona kwenye vichwa vya watoto wa shule za msingi, hakiponi kikamilifu kwa kupaka juu. Huhitaji dawa ya kumeza, kwa kuwa kuvu hujificha ndani ya unywele.

Madam Walker hakuyajua yote hayo, na madaktari wengi wa siku zake hawakuyajua. Kosa ninaloweza kumbebesha ni moja: lebo yake iliahidi kuotesha nywele, bila kusema za nani. Kosa jingine analobebeshwa si lake. Husemwa kwamba ndiye aliyebuni kitana cha moto cha kunyoosha nywele, na kwamba aliwafunza weusi kuzichukia nywele zao. Kitana hicho kilikuwapo kabla yake. Aliwauzia wanawake, ni kweli, na njia yake ilikitumia. Lakini yeye mwenyewe alikataa kuitwa mnyooshaji, akasisitiza kwamba kazi yake ni kutunza ngozi na nywele. Walimu wenye kuyarudia madai hayo darasani wangefanya vyema kuyaacha.

Biashara ilikua kwa kasi. Mwaka 1908 alifungua chuo cha ususi Pittsburgh na kukiita kwa jina la bintiye. 1910 akahamia Indianapolis akajenga kiwanda. Kampuni ilitaja wanawake wapatao 20,000 waliofunzwa, wakazunguka mlango kwa mlango kwa nguo nyeupe na mkoba mweusi, wakipata kwa wiki fedha ambazo dobi au mjakazi hakuzipata kwa mwezi. Hapa ndipo dawa yake ilipofanya kazi bila shaka yoyote. Mwaka 1912, katika mkutano wa wafanyabiashara weusi mjini Chicago, Booker T. Washington alimnyima nafasi ya kusema siku baada ya siku. Siku ya mwisho alisimama bila kuitwa, akaeleza alivyotoka shamba la pamba akaingia karaini, na kutoka karaini akafika kiwandani kwake. Mwaka uliofuata aliitwa kwa heshima. Mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wake zaidi ya 200 huko Philadelphia, na mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa ujumbe uliokwenda Ikulu ya Marekani kudai sheria ya kukomesha mauaji ya weusi mikononi mwa makundi ya wazungu. Rais hakutokea kuwapokea.

Alifariki tarehe 25 Mei 1919, akiwa na miaka 51, kwa shinikizo la damu lililokwisha kuziharibu figo, katika jumba alilojengewa na msanifu mweusi kando ya mto Hudson. Alikuwa ameahidi dola 5,000 kwa vita dhidi ya mauaji yale, na wosia wake ukatenga theluthi mbili ya faida ya baadaye kwa mambo ya hisani. Annie Malone aliishi hadi 1957, mali yake ikiwa imeliwa na kesi na kodi.

Sayansi iliyofuata imewapa wapimaji vipimo bora. Minoksidili, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya shinikizo la damu, ilionekana ikiotesha nywele kwa wagonjwa, ikajaribiwa kwa watu waliogawanywa makundi mawili, wengine wakipewa dawa na wengine kimiminika kisicho na dawa, kisha Marekani ikaikubali mwaka 1988. Lakini anayeiacha huzipoteza tena. Eflonithini, iliyowapa uhai wagonjwa wa malale wa Afrika Magharibi na ya Kati, ilionekana ikizuia nywele kuota, na leo hupakwa usoni na wanawake wasiotaka ndevu. (Malale ya Lambwe, ambayo wazee wetu wanayakumbuka tangu mlipuko wa 1980, ni ya aina nyingine, na dawa hiyo haiyawezi.) Upandikizaji nao una historia ndefu. Mjapani Shoji Okuda aliandika mwaka 1939 juu ya kuhamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele, na kuanzia miaka ya 1950 Norman Orentreich wa New York alionyesha kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa utosini huendelea kuishi kama za kisogoni. Wenye fedha leo husafiri hadi Istanbul kwa ajili hiyo. Picha za huko nazo zinahitaji maswali yale yale, na moja zaidi: ni za mwezi wa ngapi? Nywele zilizopandikizwa hupukutika katika wiki za kwanza, huanza kuchipua kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, na hazihukumiwi kabla ya mwaka kutimia.

Yule mwanafunzi tulimpeleka kwa daktari. Hakukuwa na kuvu wala homa. Ilikuwa misuko ya kubana, iliyovutwa mapanjani tangu utotoni na kuongezewa nywele bandia nzito. Akaambiwa aifumue na asisukwe tena kwa kuvutwa. Kopo lile alilitupa kabla ya wiki mbili kwisha. Nilimpiga picha kando ya dirisha lile lile, saa nne asubuhi, mwanzo wa kila muhula kwa mwaka mzima. Panja la kushoto limefunikwa na nywele zake mwenyewe. La kulia, ambako ngozi ilikuwa imekwisha kufanya kovu, liko wazi kama siku ile alipoingia chumbani.