Isaya Mukirane, mwalimu aliyeuliza kodi ya mlimani inakwenda wapi

Mfanyabiashara anayetoka Kasese na mzigo wa chumvi ya Katwe au samaki wa Ziwa Edward hupita Kinyamaseke kabla hajafika Bwera na mpaka wa Mpondwe. Upande wake wa kulia ni milima ya Rwenzori. Humo ndimo alimoishi na kufia Isaya Mukirane, anayekumbukwa na wengi kama mfalme wa kwanza wa Rwenzururu, Kibanzanga wa Kwanza. Lakini kabla ya ufalme alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ugomvi wake na serikali ulianza kwa jambo ambalo mwalimu huliona mapema kuliko watu wengine: watoto wa nani wako darasani, na wa nani hawapo.

Waingereza waliwaweka Wakonjo na Waamba chini ya ufalme wa Toro, wenye makao yake Fort Portal. Machifu waliotumwa kukusanya kodi vijijini walikuwa kwa sehemu kubwa Watoro. Wazee wa mlimani walikuwa wameshapinga utaratibu huo mapema. Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya waliongoza uasi uliowafikisha kwenye kitanzi mwaka 1921. Mukirane alikulia katika masimulizi ya watu hao watatu.

Katika ujana wake shule nyingi zilikuwa za misheni, zikisaidiwa na ruzuku ya serikali. Ufalme nao ulikuwa na sauti kuhusu shule mpya ijengwe wapi na mwanafunzi gani afadhiliwe karo kuendelea mbele. Mkulima wa mlimani alilipa kodi yake kama Mtoro wa Fort Portal, lakini shule, zahanati na barabara vilikuwa vingi zaidi upande ule. Mtoto wa Kikonjo aliyebahatika kupata nafasi alifundishwa kwa Rutooro, lugha ambayo nyumbani hakuisikia. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Wakonjo waliiona mali ikitoka chini ya mlima wao huku uamuzi wa matumizi ya fedha ukifanyika kwingine.

Mukirane hakuanza na bunduki. Mwaka 1954 alitembea milimani pamoja na mwandishi Mwingereza, Tom Stacey, akiwa mkalimani wake. Baadaye alianzisha chama cha kukusanya historia ya Wakonjo. Kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza habari za mababu kulimpa kitu ambacho kiongozi mwingine yeyote wa huko hakuwa nacho. Alikuwa akizijua njia za mlima na watu wake, nao walikuwa wakimjua.

Uhuru ulipokaribia, aliingia Rukurato, baraza la Toro. Yeye na wenzake walitaka katiba ya ufalme iwataje Wakonjo na Waamba sawa na Watoro. Mtu asiyetajwa kwenye katiba angedaije fungu kwenye bajeti? Walikataliwa, na Machi 1962 wakatoka nje ya baraza. Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya walikamatwa. Watu wa mlimani wakaanza kugoma kulipa kodi ya Toro. Mukirane alipopata dhamana alikimbilia milimani, na tarehe 30 Juni 1962, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Uganda, Rwenzururu ikatangazwa kuwa nchi ya peke yake.

Tume iliyoongozwa na Dk. Ssembeguya ilisikiliza malalamiko, lakini haikukubali wapewe wilaya yao. Hapo ndipo njia zilipoachana. Kawamara na Mupalya walibaki na dai la wilaya ndani ya Uganda, yaani bajeti ya kwao ndani ya nchi ile ile. Mukirane alikuwa ameshavuka hapo, akitaka dola. Mwaka 1963 serikali ya Obote ilimtuma Stacey kwenda kumbembeleza rafiki yake wa zamani. Alirudi mikono mitupu.

Sasa mwalimu yule alikuwa na serikali yake mwenyewe, na serikali ina gharama. Walimu wengi Watoro walikuwa wameshaondoka na shule kufungwa. Rwenzururu ikafungua shule zake, watoto wakasoma kwa Lukonzo, jambo ambalo Toro haikuwahi kuwapa. Lakini hapakuwa na ruzuku kutoka Entebbe wala misheni. Shule hizo, mahakama na walinzi wa ufalme vilitegemea kodi ya mkulima yule yule aliyekuwa amechoshwa na kodi ya Toro. Aliyelima kahawa kwenye miteremko ya katikati ndiye aliyeumia zaidi, kwani juu kulikuwa na mtoza kodi na bondeni kulikuwa na mwingine. Mwaka 1964 mapigano yaliua watu wengi na wengine wakakimbilia Kongo, kwa ndugu zao Wanande.

Mukirane alitawala kwa ukali, na hakuwa tayari kusikia habari za wilaya. Katika hilo huenda alikosea, kwa sababu wilaya ndiyo iliyokuja hatimaye kufungua njia ya fedha. Alifariki milimani Septemba 2, 1966, kabla ya kuona hata shilingi moja ya serikali kuu ikipita Kasese badala ya Fort Portal.

Hilo lilitokea mwaka 1974, Idi Amin alipoigawa Toro na kuwapa watu wa Rwenzori wilaya zao. Hata hivyo fedha kufika wilayani si sawa na kufika darasani. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba kati ya ruzuku ambazo serikali ya Uganda ilizitenga kwa shule za msingi, mishahara ukiiweka kando, shule zilipata wastani wa asilimia 13 tu. Baada ya hapo serikali ilianza kutangaza mgawo magazetini na kwenye mbao za matangazo shuleni, ili mzazi ajue shule yake imetumiwa kiasi gani. Kama Mukirane angekuwa hai, bila shaka angesimama mbele ya ubao huo na kalamu mkononi.

Mwanawe, Charles Wesley Mumbere, alirithi kiti akiwa bado mvulana. Mwaka 1982 aliteremka mlimani na kukabidhi silaha, na miaka miwili baadaye akaenda Marekani kusoma, akilipiwa na serikali ya Uganda. Serikali ilipobadilika, fedha hizo zilikatika. Mfalme akasomea kazi ya kuhudumia wagonjwa, akaajiriwa kwenye nyumba za wazee na kuishi miaka mingi ughaibuni kwa mshahara huo.