Aniceti Kitereza, Mzee Aliyeiandika Ukerewe

Shaaban Robert tumemjua tangu shule ya msingi. Ukimtaja Aniceti Kitereza hapa Nyegezi, hata kwa watu wanaosoma fasihi, wapo watakaokuuliza huyo naye ni nani. Kumbe mtu mwenyewe ni jirani. Panda daladala hadi mjini, ingia melini, na baada ya saa chache umeshuka Nansio, kisiwani Ukerewe. Kisiwa hicho ndicho kilichomzaa mwaka 1896, na ndicho alichokiweka kitabuni.

Kitereza alitoka katika ukoo wa watawala wa Ukerewe, na utotoni alilelewa karibu na ikulu ya Omukama. Wakati huo Wajerumani walishafika na wamisionari walishajenga, lakini wazee waliokumbuka maisha ya kabla ya wageni walikuwa bado hai. Walijua jinsi posa ilivyopelekwa, pombe ya ndizi ilivyopikwa, mkwe alivyosalimiwa na mgonjwa alivyotafutiwa dawa. Kijana akakua akiyasikia hayo kila siku.

Kisha akapelekwa misheni, na kutoka hapo seminari ya Rubya, upande wa pili wa ziwa, katika mkoa tunaouita leo Kagera. Alikaa huko miaka kumi hivi, hadi mwaka 1919. Si mchezo: alisoma Kilatini, Kigiriki na Kijerumani, pamoja na falsafa na teolojia. Upadre hakuufikia. Alirudi katika maisha ya kawaida, akamwoa Anna Katura, akafanya kazi za kuajiriwa, na baadaye akawa mtu wa misheni ya Kagunguli, akiandika na kutafsiri maandiko ya dini kwa Kikerewe.

Msomi wa namna hiyo angeweza kuandika kwa lugha za wakubwa. Yeye alichagua Kikerewe, lugha ya kisiwa kimoja na majirani zake wachache. Aliona vijana wanaiacha, na mila zinaondoka pamoja na wazee. Tena alijua kwamba ukiziandika mila kama orodha ya desturi, hakuna kijana atakayesoma. Akatunga hadithi. Mwaka 1945 riwaya ikakamilika.

Hadithi yenyewe ni ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Wanapendana, ila hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere hakubali kuoa mwingine. Anafunga safari kwenda ukweni kumrudisha mke wake, anatozwa pombe kama faini, na inambidi ahangaike kuipata. Baadaye wanamtafuta mganga, na mwishowe anazaliwa Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali. Ndani ya mambo haya ya nyumba moja mna kilimo, uvuvi, mifugo, ngoma, misiba na adabu za kuketi na watu. Msomaji wa asaimenti ya usiku mmoja ataona maelezo ni marefu mno. Ila ukitulia nayo, unajikuta unajua kupika pombe ya ndizi bila kufundishwa.

Kazi ya namna hii ina ndugu zake mbali sana. Kule Iceland, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Ulaya, watu waliingia Ukristo kama mwaka 1000. Katika karne ya 13 waandishi wao wakaanza kuandika habari za mababu zao waliokuwa na miungu mingine: ndoa, mashamba, ugomvi wa koo, mashauri mbele ya baraza. Masimulizi hayo huitwa saga, na mengi hayana jina la mtunzi. Mmoja tunayemjua vizuri ni Snorri Sturluson, aliyezaliwa mwaka 1179 na kuuawa mwaka 1241. Washairi wa kwao walikuwa na mafumbo ya kale, kwa mfano kuiita jahazi farasi wa baharini, na mafumbo mengine yalitaka ujue habari za miungu ya zamani ndipo uyafumbue. Snorri aliona vijana wanapotea, akaandika kitabu cha kuwafafanulia. Alikuwa Mkristo, lakini hakuona sababu ya kuwafuta mababu. Na aliandika kwa lugha ya kwao, siyo Kilatini cha wasomi.

Kitereza alifanya jambo hilohilo miaka mia saba baadaye, bila mali wala cheo alichokuwa nacho Snorri. Ni Mkristo aliyesoma Kilatini, akaandika kwa heshima juu ya waganga na mizimu, kwa lugha ya mama. Tofauti ni kwamba hati za Iceland zilinakiliwa na kusomwa majumbani karne kwa karne. Hati ya Kitereza ilikaa tu.

Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, aliipenda kazi hiyo na kuitafsiri kwa Kifaransa, lakini akafariki kabla haijachapwa. Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, alifika Ukerewe kufanya utafiti pamoja na mkewe Charlotte. Wakaikuta hati, wakaanza kuwatafuta wachapishaji. Jibu lilikuwa la kibiashara: wasomaji wa Kikerewe ni wachache. Kwa Kiswahili ingewezekana.

Hapo Kitereza alishapita miaka 70. Akakaa chini, akaitafsiri mwenyewe riwaya nzima kwa Kiswahili. Hata hivyo, kitabu kilisubiri zaidi ya miaka kumi tena. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, zaidi ya kurasa 600, na kazi ya kupiga chapa ilifanyika China. Nakala zilichelewa kufika. Mwaka 1981 Mzee Kitereza akafariki bila kukishika kitabu chake mkononi.

Watoto wake yeye na Anna walishatangulia mbele ya haki kabla ya wazazi wao. Ukilijua hilo, safari ya Myombekere na Bugonoka kutafuta mtoto unaisoma kwa namna nyingine.

Baada ya kifo chake kitabu kilitembea. Kilitoka kwa Kijerumani miaka ya 1990, kisha kwa Kifaransa. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota walitoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi aliyezaliwa Ukerewe pia, na huyu alitafsiri kutoka Kikerewe chenyewe.

Wapo watakaosema kwamba Kitereza alipoteza muda, angeanza na Kiswahili tangu mwanzo. Nadhani wanakosea. Aliyoyaandika yalikaa ndani ya Kikerewe: majina ya samaki, ya dawa, ya aina za salamu. Angeanza na lugha nyingine, mengi yasingemjia kabisa. Kiswahili kilikipa kitabu wasomaji, lakini chakula chenyewe kilipikwa kwa Kikerewe.

Hapa chuoni wapo Wasukuma, Wajita, Wakara, Wahaya, Wakurya, na wengi wetu lugha ya nyumbani tunaitumia kwenye simu na bibi tu. Bibi akiondoka, tutaitumia na nani? Kitereza hakungoja mradi wala mfadhili. Alianza na alichokijua, katika lugha aliyoijua vizuri kuliko wote. Likizo inakuja, na daftari la kurasa mia halimshindi mtu mwenye bumu. Anza na jambo moja tu, mathalani jinsi kwenu wanavyomwendea mkwe aliyekasirika, na uliandike kama bibi anavyolisema.