Dunlop: Daktari wa mifugo aliyelainisha safari

Unatafuta tairi mpya zisizopiga kelele wala kukurusha kwenye mashimo? Basi mjue John Boyd Dunlop, Mskoti aliyezaliwa 1840. Jamaa hakuwa fundi wa magari, alikuwa akitibu mifugo Belfast. Mwaka wa 1887 mwanawe alikuwa akitingishwa vibaya na baiskeli yake ya magurudumu matatu. Babake akayavisha magurudumu hayo mpira uliojazwa upepo, safari ikawa laini. 1888 akapewa hati ya uvumbuzi, lakini ikaja kubatilishwa: Mskoti mwenzake, Robert Thomson, alikuwa amemtangulia miaka ya 1840. Dunlop alifariki 1921. Jina lilibaki kwenye tairi, pesa nyingi zikaenda kwa wengine. Ila upepo ndio bado unabeba gari, so pima presha kabla ya kununua tairi za bei.