Al-Biqai: Mwanazuoni aliyetafuta uzi wa lulu

Kila aliyepitia chuoni anajua kwamba sura za Qurani hazikupangwa kwa kufuata wakati zilipoteremshwa. Iko hekima gani basi katika mpangilio huo? Swali hilo ndilo lililomshughulisha Burhan al-Din Ibrahim al-Biqai, mmoja wa wafasiri wakubwa wa karne ya 15.

Al-Biqai alizaliwa karibu mwaka 1406 katika kijiji cha Khirbat Ruha, kwenye bonde la Bekaa, Lebanon ya leo. Mwaka 1418 uhasama wa kijijini uligharimu maisha ya baba yake na jamaa zake kadhaa. Yeye alijeruhiwa, akanusurika, na mama yake akamhamishia Damascus.

Baadaye alikwenda Cairo, mji mkuu wa dola ya Wamamluki, akawa mwanafunzi wa Ibn Hajar al-Asqalani, bingwa wa elimu ya Hadithi.

Mnamo mwaka 861 Hijria alianza kuandika tafsiri yake kubwa, Nazm al-Durar, jina lenye maana ya kutungwa kwa lulu. Aliikamilisha mwaka 875.

Kwake, kila sura ina lengo moja, na jina la sura hudokeza lengo hilo. Hata Bismillahi aliifasiri upya mwanzoni mwa kila sura, kulingana na maudhui yake. Vilevile alionyesha jinsi mwisho wa sura moja unavyoshikana na mwanzo wa inayofuata. Al-Fatiha, kwa mfano, ni dua ya kuomba uongofu. Al-Baqara inafungua kwa kukitaja Kitabu kuwa ndicho uongofu.

Kilichozusha mtafaruku ni hatua yake ya kunukuu Taurati na Injili ili kufafanua visa vya mitume. Wapinzani walitaka azuiwe. Alijitetea kwa kuandika risala maalumu, na wanazuoni kadhaa mashuhuri wakamuunga mkono.

Hata hivyo, alipoyashambulia mashairi ya Ibn al-Farid, aliyeheshimiwa mno na Masufi, wengi walimgeuka. Mwaka 1475 aliihama Cairo na kurejea Damascus, alikofariki dunia mwaka 1480.

Katika karne ya 20 tafsiri yake ilichapishwa Hyderabad, India, katika majuzuu 22. Hadi leo, wanaochunguza umoja wa sura za Qurani hawana budi kupitia mlangoni kwake.