Josef Skupa: Alifungwa yeye, vikaragosi vyake vikafungiwa kwenye sefu

Mwaka 1944 polisi wa siri wa Kinazi, Gestapo, walimkamata mchezesha vikaragosi katika mji wa Plzeň, Czechoslovakia. Hawakuishia kwake. Hata vikaragosi vyake viwili vya mbao vilifungiwa kwenye sefu.

Jamaa huyo ni Josef Skupa. Alizaliwa Januari 16, 1892 mjini Strakonice, akawa mwalimu wa kuchora huko Plzeň. Akitoka darasani, anakwenda kuchezesha vikaragosi vya nyuzi.

Mwaka 1920 fundi Karel Nosek alimchongea Spejbl: mzee wa koti refu jeusi, masikio makubwa na viatu vya mbao, anayejifanya anajua kila kitu. Mwaka 1926 Gustav Nosek, wa ukoo huohuo, akachonga Hurvínek, mtoto mtundu wa macho yanayozunguka.

Basi baba na mwana wakaanza kubishana jukwaani. Mtoto anauliza, baba anajikanyaga, ukumbi unaangua kicheko. Kumbe sauti zote mbili, ile nzito ya baba na ile nyembamba ya mtoto, zilikuwa za Skupa peke yake.

Mwaka 1930 aliacha ualimu na kuanzisha kundi lake la kulipwa. Miaka mitatu baadaye akawa rais wa UNIMA, umoja wa wachezesha vikaragosi duniani.

Wanazi walipoikalia nchi, Skupa hakunyamaza. Maneno yalikuwa ya mafumbo, lakini watazamaji walielewa anasemwa nani. Kikaragosi kinasema kile ambacho mtu akikisema anakamatwa. Mwishowe naye alikamatwa, akapelekwa gerezani Dresden, Ujerumani.

Februari 1945 ndege za Uingereza na Marekani ziliushambulia mji huo kwa mabomu. Maelfu walikufa. Gereza likawaka moto, na Skupa akatoroka, akarudi nyumbani akiwa hai.

Vita ilipoisha aliungana tena na Spejbl na Hurvínek, na mwaka huohuo akahamishia ukumbi wake Prague.

Skupa alifariki Januari 8, 1957. Lakini alikuwa ameshapata mrithi, kijana Miloš Kirschner, aliyeendelea kuzitoa sauti zote mbili. Ukumbi huo bado upo Prague, na Hurvínek hadi leo anamsumbua baba yake kwa maswali.